Kikonyo

Nilibatizwa na miaka arobaini na miwili,
mvi zimeanza kidevuni, wanangu nyuma yangu
wameshanitangulia kipaimara.
Maji yalipokauka kichwani nikajua yamekwisha:
mtu keshakuwa, arudi shambani.

Kumbe Mama Skolastika alikuwa na daftari.
Jalada limeliwa na mende,
na jina langu, Likapa, kaliandika kwa penseli.
Nikamwuliza, mbona hivyo?
"Tutaona," akasema.

Kila Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi,
umande wa Mwena haujaachia majani,
nabeba kigoda changu nyumba hadi nyumba.
Wiki ya kwanza nilisoma somo, nikaruka mistari miwili.
Wiki ya tatu nilisinzia kwenye maombi ya wagonjwa.
Kisha wakanipa mgonjwa.

Mzee Rikadi, amepooza upande,
mkewe hawezi tena kumgeuza.
Hapo hapana zaburi.
Pana maji ya vuguvugu, kipande cha sabuni ya mche,
na mwili wa mtu mzima, mzito
kama gunia la korosho lililonyeshewa.
Nilimwosha mgongo nimefumba macho, kwa haya.
"Fumbua," akaniambia, "utaniingiza povu masikioni,
mkristo wa juzi we."

Sasa nifike kwa Gaudensi Chikoti. Sipendi kufika.
Mpakani mwetu pana mikorosho minne.
Aliokota upande wangu, akabeba debe zima mchana kweupe;
nami nikangoja siku upepo unaelekea jikoni kwake
ndipo nikapuliza salfa.
Miezi kumi na minne hatukusalimiana.
Kanisani, benchi moja.
Padre akisema tupeane amani,
mimi huanza kutafuta leso.

Daftari likasema: Jumamosi ijayo kwa Chikoti.
Msomaji: Likapa.

Usiku huo niliumwa tumbo, kisha kichwa, kisha mguu.
Mke wangu akanitazama tu.
Asubuhi akakitoa kigoda nje, akakiweka njiani.

Nikakaa karibu na mlango.
Somo lilikuwa la yule aliyesamehewa deni kubwa
akamkaba mwenzake kwa deni dogo.
Safari hii sikuruka mstari,
ingawa ulikuwapo mmoja niliotamani kuuruka.

Chikoti akaleta mihogo na chai.
Viganja vyake vimebabuka kwa mafuta ya maganda,
kama vyangu.
Hakuomba radhi, wala mimi sikuomba.
Alisema, "Ile minne imezeeka, haizai.
Tuikate, tuibebeshe."

Tukaikata. Tukangoja visiki vichipue.
Yeye kisu, mimi nailoni.
"Usikaze, utakinyonga," akasema.
"Usilegeze, maji yataingia."
Siku ya nne nikaenda kwa siri kufungua, nione.
Nikamkuta amekaa pale pale, analinda.
"Nilijua," akasema.
Tukacheka mpaka mbwa wake akabweka,
na katikati ya kicheko nikasikia mdomo wangu ukisema
salfa ile, Gaudensi, niliipuliza makusudi.
"Hilo nalo nilijua. Nilikohoa wiki nzima."
Akakaa kimya. Kisha: "Lile debe nitakurudishia msimu."

Vikonyo vitatu vimeshika.
Kimoja kimekauka; mwakani tutarudia.

Jana nilichungulia daftari
Mama Skolastika alipogeuka kumwita mjukuu.
Jina langu bado la penseli,
limefifia, likapitishwa tena juu yake,
limefifia, likapitishwa tena.
Nikamwuliza kwa uchungu kidogo:
miaka mitatu sasa, mama, huna wino?

Akanifunulia ukurasa wa kwanza.
Mwalimu Otmari, penseli.
Marehemu mumewe, penseli.
Yeye mwenyewe, Skolastika Namwewe, penseli,
imekolezwa mpaka karatasi imetoboka.

Kisha akanipa ufunguo wa kanisa,
akanikumbusha kufagia chini ya mabenchi pia,
siyo katikati tu
watu wanapopita.